Fahali wa Shaba na Ng'ombe wa Mwanasha

Siku tatu nzima Mwanasha hakumsemesha mumewe. Kwa mwanamke wa Kipini aliyezoea kuzungumza tangu anapofungua mlango asubuhi, adhabu hiyo ilimuumiza yeye kuliko aliyeadhibiwa. Alimtengea chai mezani akaondoka. Alimfulia kanzu, akaianika, akaondoka. Fumo naye, kwa utulivu ule ule aliokuwa nao miaka thelathini nyuma ya dirisha la posta, alikunywa chai na kuvaa kanzu kana kwamba hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililomchoma Mwanasha zaidi.

Ugomvi ulikuwa juu ya ng'ombe. Walikuwa na ng'ombe mmoja tu pale nyumbani kwao Garsen, jike jeupe pepepe, jina lake Nyange, na Fumo alikuwa amekubali kumtoa kwa sarafu mbili. Wala si sarafu za kwenda nazo dukani. Ni sarafu za kale za Warumi, za shaba, ambazo ukimpa muuza duka atakuuliza kama u mzima.

Lazima nikueleze habari ya huyu Fumo na sarafu zake, maana bila hiyo utamwona mwendawazimu, na mwendawazimu hakuwa. Alipokuwa karani alikuwa akiandikiana barua na mwalimu mmoja mzee huko Ulaya, na siku moja yule mwalimu akamtumia ndani ya bahasha kisarafu kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili lango la ngome lenye minara miwili na nyota juu yake. Mfalme ni Konstantino, barua ilisema, na sarafu ina umri wa miaka elfu moja na mia saba. Fumo alikishika kisarafu kile pale kaunta, watu wamepanga foleni, akasahau kuwa yuko kazini mpaka mama mmoja alipomgongea kioo. Kuanzia siku hiyo mambo yakawa ndiyo hayo. Wenzake walijenga vyumba vya kupangisha, yeye aliagiza shaba za Warumi wa zama za mwisho, zile ndogo za bei rahisi zinazokuja zimegandwa na udongo. Miaka yote hiyo alikuwa amekusanya thelathini na moja, kila moja ndani ya kiberiti kitupu kilichotandikwa pamba.

Na kuzisafisha kwake ukikuona utachoka wewe unayetazama. Anaziloweka kwenye maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi wala asidi, wiki baada ya wiki, anabadilisha maji, analoweka tena. Kisha anakaa dirishani na mwiba na mswaki laini, anachokoachokoa robo saa kwa siku, basi. Miezi sita inapita na kitu bado ni cha kijani. Mwanasha alikuwa akimwangalia huku anakuna nazi, akijisemea moyoni kuwa wanaume hawajui kuosha kitu, hata wapewe mwaka mzima. Hakuwahi kumuuliza kwa nini anafanya hivyo, na Fumo hakuwa mtu wa kueleza asiloulizwa.

Nyange naye ana habari yake. Mama yake alinunuliwa kwa kiinua mgongo cha Fumo, hilo halina ubishi. Lakini mwaka ule mto ulipofurika na kuchukua nusu ya boma, mama mtu alikwenda na maji, akabaki ndama wa siku nane. Watu walikuwa wamehamia juu ya tuta la barabara ya kuelekea Minjila, kila mmoja na turubai lake, na Mwanasha ndiye aliyemlea ndama yule kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira, wakilala turubai moja. Sasa Nyange alikuwa akitoa maziwa ya nyumbani na ya kupeleka hotelini, na akisikia sauti ya Mwanasha aligeuka. Kwa makaratasi alikuwa wa Fumo. Kwa mengine yote alikuwa wa Mwanasha, na mtaa mzima ulijua.

Aliyeleta balaa ni Issack, mchuuzi wa mifugo kutoka Madogo, mtu wa makamo mwenye pikapu na maneno machache, ambaye hupita Garsen kununua ng'ombe. Si mtu mbaya, nisimpake matope. Alikuwa amesikia kuna mzee wa posta anayependa pesa za zamani, na yeye alikuwa na jamaa, dereva wa masafa marefu, aliyemwachia mbili akisema zimetoka Shamu, kule Siria. Siku nne kabla ya Idi akaja nazo ndani ya kitambaa.

Fumo alikifungua. Zilikuwa kubwa na nzito, kijani kitupu. Upande mmoja mfalme mwenye ndevu, upande wa pili fahali amesimama, na juu ya mgongo wake nyota mbili. Huyo alikuwa Kaisari Juliani, ambaye hakutimiza miaka miwili kitini akafa vitani. Fumo alikuwa amemwona fahali yule vitabuni tu, na kwa miaka ishirini alikuwa akitamani amshike hata mara moja. Sasa alikuwa na fahali wawili kiganjani.

"Mimi pesa sitaki, mzee," Issack alisema. "Pesa inapotea njiani. Nipe yule mweupe."

Fumo alimtazama Nyange, akazitazama sarafu, akamtazama tena Nyange.

"Nakuachia mpaka Idi pili," Issack akaendelea. "Ziangalie taratibu. Ukizipenda, nachukua ng'ombe. Usipozipenda, unanirudishia kama zilivyo, na sisi ni marafiki."

Wakapeana mikono. Mwanasha alikuwa ukumbini akisikia kila neno.

"Fahali wa shaba anakamuliwa?" Mwanasha aliuliza, Issack alipokwisha kuondoka.

"Mama Adnan, hujui hizi ni nini."

"Najua Nyange ni nini."

"Ni ng'ombe. Tutapata mwingine."

Hapo ndipo Mwanasha alipofunga mdomo, akaufunga siku tatu. Lakini moyoni alikuwa ameshikilia lile neno moja la Issack, usipozipenda. Mpaka Idi pili mlango ulikuwa wazi. Alimjua mumewe. Mara nyingi Fumo huamua jambo kwa moyo jioni, na asubuhi akili humrudia. Pengine angeamka siku moja akamsikia Nyange akimwita ndani ya boma, akarudisha zile shaba kwa mwenyewe.

Ikaja siku ya kuamkia Idi. Kwa akina Mwanasha, siku hiyo hakilali kitu cha shaba nyumbani bila kusuguliwa. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake kabla yake. Sinia linatoka, dele la kahawa linatoka, kinu kidogo cha iliki, mrashi, vyote vinapangwa uani juu ya mkeka. Unakoroga ukwaju kwenye bakuli uwe mzito, unachukua majivu yaliyochekechwa na kumbi la nazi, na unasugua mpaka shaba ikucheke. Mwanasha alianza baada ya adhuhuri. Mikono ilikuwa ikifanya kazi na kichwa kikifanya yake, na kadiri alivyosugua ndivyo hasira zilivyompungua. Mama yake alikuwa akisema huingii Idi na kinyongo, ukiingia nacho utakibeba mwaka mzima. Mdomo wake ulikuwa bado umegoma. Basi akafikiri atafute la kufanya kwa mikono, Fumo aone kuwa yamekwisha.

Akaingia jikoni kuchukua kitambaa kikavu, na pale dirishani, penye mwanga, akaona kisahani chenye zile sarafu mbili.

Akazitazama. Kijani tupu, hata huyo mfalme huoni macho yake. Akamwonea huruma mumewe. Maskini, amehangaika na maji ya betri miaka yote hii, na dawa ipo hapa uani. Kama ni lazima aangalie fahali, basi na amwone vizuri. Akazichukua, akazitumbukiza ndani ya bakuli la ukwaju.

Hata hakuhitaji kusugua sana. Kijani kilitoka kama rangi ya leso mpya kwenye maji ya kwanza, bakuli zima likabadilika. Akamalizia kwa majivu, akasuuza, akapangusa. Zikawaka, nyekundu, safi, na fahali akatokea na kwato zake zote. Mwanasha alizirudisha kwenye kisahani, akaweka ua la asumini pembeni, akasubiri. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu alikuwa akiimba chini kwa chini.

Fumo alirudi kutoka msikitini baada ya alasiri. Alipofika jikoni alisimama mbele ya kisahani. Mwanasha aligeuka kumtazama akitegemea furaha, akaona uso umemsawijika. Mzee alitafuta mahali pa kukaa, akakalia mbuzi ya kukunia nazi.

"Umezifanya nini?"

"Nimezisafisha," Mwanasha alisema, na hilo likawa neno lake la kwanza kwake tangu ugomvi. "Kwa ukwaju. Ulikuwa utachukua mwaka."

"Mwanasha." Hakumwita Mama Adnan, akamwita jina lake kama zamani. "Ile kijani si uchafu. Ndiyo ngozi yake. Inakua ardhini miaka mia kwa mia, na ndiyo inayoilinda, na ndiyo inayoonyesha umri wake. Mimi natoa udongo tu, ngozi siigusi. Ukiivua ngozi, umeua."

"Nilijua ni uchafu."

"Nimekusikia."

"Fumo, wallahi nilijua ni uchafu."

Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alitoa leso yake ya mfukoni, akazifunika sarafu bila kuzigusa kwa kidole, akaifunga fundo. Kisha akasema lile ambalo Mwanasha alikuwa bado hajalifikia.

"Alisema nimrudishie kama zilivyo. Sasa siwezi kumrudishia. Amana imeharibika ndani ya nyumba yangu. Hata ningetaka kubadili mawazo, Nyange ameshakwenda."

Mwanasha akakitazama kisahani kilichobaki na ua tu. Siku tatu alikuwa akiuombea ule mlango ubaki wazi, na yeye ndiye aliyeufunga, kwa mikono yake, kwa bakuli la ukwaju.

Idi ikafika. Mwanasha alivaa leso mpya, akapika pilau, akapokea wageni, akawapa watoto wa jirani peremende, na kila aliyemwambia Idi njema alimjibu kwa tabasamu. Ukimwona ungesema hana dogo wala kubwa. Lakini saa ya kukamua ilipofika alikaa pale bomani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kichwa ameegemeza ubavuni mwa Nyange, akimwomba radhi. Nyange aliendelea kutafuna majani yake. Ukumbini Fumo alikuwa amekaa na ile leso iliyofungwa fundo mbele yake juu ya meza, haifungui wala haiondoi.

Idi pili, saa nane mchana, pikapu ya Issack ikasimama mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na kamba mpya na majani mabichi ya safari. Mwanasha aliyaona majani yale kupitia dirishani.

Issack aliingia, akasalimia, akapewa kiti. Mwanasha alibaki nyuma ya pazia, akipanga vileja na kahawa kwenye sinia, mikono mizito. Akamsikia mumewe akikohoa, kisha akaanza kusema.

"Bwana Issack, sitakuzungusha. Uliniachia amana, nami nimeiharibu. Nimezisugua zikatoka ngozi. Kosa ni langu. Ng'ombe ni wako, na unisamehe."

Nimezisugua, alisema. Kosa ni langu. Mwanasha akaacha kupanga vileja. Mtu huyu, na shaba zake, na ukimya wake wote, amesimama mbele ya mgeni amebeba kosa la mkewe bila hata kufikiri mara mbili. Akainamisha macho ili asilie, na macho yakaangukia sinia.

Lilikuwa sinia la bibi yake, limenakshiwa maua ukingoni. Juzi tu alikuwa amelisugua mpaka mabega yakamuuma. Na ndani ya mistari ya yale maua, kijani kilikuwa bado kipo. Kilikuwapo Idi iliyopita na Idi ya kabla yake. Mama yake alikipiga vita maisha yake yote, kikamshinda. Kutu ya shaba haitoki hivyo. Inang'ang'ania kwenye pembe, inakwenda kidogo kidogo, inaacha madoa.

Mwanasha akasimama na sinia mkononi, akafikiri. Hili lina miaka sitini na linanishinda. Zile zina miaka elfu na mia sita, zikatoka kwa mkono mmoja, zote, hata kwenye mikunjo ya ndevu?

Akafungua pazia, akaliweka sinia mezani mbele yao, kahawa ikamwagika kidogo.

"Mimi ndiye niliyezisugua, si yeye," alisema. "Na sikuhitaji kusugua sana. Niliziloweka tu, zikachuja. Nimeosha shaba tangu nina miaka saba, Bwana Issack. Ile haikuwa kutu. Ilikuwa rangi."

Fumo alimtazama mkewe kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati.

"Fungua hiyo leso," Mwanasha akamwambia.

"Mama Adnan…"

"Ifungue, uzitazame. Tangu juzi hujazitazama."

Fumo akafungua fundo polepole. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaishika sarafu ya kwanza, akaizungusha ukingoni. Akaizungusha tena. Akaichukua ya pili. Nje, Nyange akalia mara moja, kwani saa ya kunywa maji ilikuwa imepita.

"Kuna mshono," Fumo alisema mwisho. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukingoni, pande zote. Zimemiminwa kwenye kalibu. Za Warumi hazikumiminwa hivi, zilipigwa kwa nyundo, moja moja. Na tazama hapa chini ya sikio la mfalme, kuna kishimo. Na hii nyingine, chini ya sikio, kishimo kile kile. Na mguu wa nyuma wa fahali umechubuka, na wa huyu pia, pale pale. Mkono wa mtu hauwezi kuteleza mara mbili mahali pamoja."

Issack alizipokea, akazitazama kwa macho yaliyozoea kutafuta dosari ya mnyama. Akazirudisha mezani.

"Mzee, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini fikiria mimi. Nilileta vitu vya kijani, watu wote waliona. Leo ni nyekundu, na mnaniambia ni bandia. Huo ukwaju unaweza kula kitu chochote. Pengine na zako ukiziweka zitakuwa hivi hivi."

Na hakusema uongo, kwa haki. Ungekuwa wewe ungesema vivyo hivyo. Mwanasha alimgeukia mumewe, na mumewe alikuwa ameshainuka. Aliingia chumbani. Wakasikia kabati likifunguliwa, na viberiti vikigongana. Alirudi na kimoja, akakisukuma wazi kwa kidole gumba, na juu ya pamba kulikuwa na kile kisarafu cha kwanza, cha Konstantino, chenye lango na minara miwili. Mwanasha alikijua. Hata yeye alijua kile ni kipi.

"Lete ukwaju," Fumo alisema.

"Hicho hapana. Chukua kingine, una thelathini."

"Hiki ndicho ninachojua kilikotoka. Vingine mtu anaweza kunibishia." Akakiweka kiganjani mwa mkewe, akamkunja vidole. "Kisugue. Kama ulivyosugua zile, wala usikionee huruma."

Mwanasha akaleta bakuli. Akakiloweka mbele yao wote wawili. Wakasubiri, na maji ya ukwaju yakabaki na rangi yake ya ukwaju. Akachukua majivu na kumbi, akasugua. Akasugua mpaka jasho jembamba likamtoka kwenye paji, na machozi nayo yakimtoka, maana alijua anachokifanya safari hii. Akasuuza, akakiweka kwenye sinia.

Kisarafu kilikuwa kimeharibika, lisemwe wazi. Juu ya shavu la mfalme na juu ya minara kulikuwa na wekundu mbichi, kama goti lililochubuka. Lakini kijani kilikuwa bado ndani ya herufi, ndani ya matofali ya lango, kuizunguka ile nyota, kimeshika vile vile kama kilivyoshika kwenye maua ya sinia pembeni yake. Issack alikiinua, akakichokoa kwa ukucha. Kijani hakikutoka. Akaweka kile cha Konstantino upande huu na fahali wawili upande ule. Akawatazama wale fahali muda mrefu.

"Ng'ombe pacha," alisema polepole, "hata wakitoka tumbo moja, mimi nawatofautisha kwa pua. Hawa pua ni moja."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka peke yake kwanza, akijifuta uso kwa kilemba, wenzake wakimshangaa.

"Yule dereva hajala kitu changu," alieleza alipopata pumzi. "Nilimwambia nikiuza nitampa mabeberu wanane. Wanane, mzee. Wako zizini Madogo wamefungwa kamba, anakuja kesho kutwa kuwachukua. Wallahi atakuja, na atakuta hizi fahali zake zinamngoja, achunge mwenyewe."

Fumo naye akacheka, kicheko kidogo cha pua. Mwanasha hakucheka. Alikuwa akingoja asikie neno lenyewe.

"Na Nyange?" aliuliza.

"Mama, Nyange gani tena? Mimi nachukua kahawa yangu na vileja."

Wakanywa kahawa. Issack alifunga sarafu zake kwenye kitambaa, akapakuliwa pilau ya njiani, na yale majani mabichi ya safari akayatupa mwenyewe ndani ya boma la Nyange, akisema hana haja nayo na Nyange anaonekana anayo. Pikapu ikaondoka kuelekea njia ya Madogo. Mwanasha alisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia. Hapo ndipo pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku walipopeana mikono ilipomtoka, akahisi mabega yanashuka yenyewe, na mwili mzima mwepesi kana kwamba ameshusha mtungi.

Fumo alikuwa bado amekaa, na Konstantino kiganjani.

"Kimeharibika," Mwanasha alisema, akakaa pembeni yake. "Nimekiharibu mimi. Zile zilikuwa bandia lakini hiki kilikuwa cha kweli."

"Nimekuagiza mimi." Akakigeuza. "Mama Adnan, nina neno, na ukilisikia unaweza kununa tena."

"Sema."

"Nilijua."

Mwanasha akamtazama.

"Si kujua kwa hakika," Fumo aliendelea, bila kuinua macho. "Siku ile ile Issack alipoziweka mkononi, vidole vyangu viliniambia. Zilikuwa laini mno, kijani kimekaa sawasawa mno, kama ukuta uliopakwa juzi. Nina wenzangu kwenye simu, watu wanaojua kuliko mimi, wako Misri, wako Uturuki. Ningewatumia picha wangenijibu kabla chai haijapoa. Sikuwatumia. Nilijua watakachosema, na sikutaka kukisikia. Nilimtaka yule fahali. Umri huu, nikajidanganya kama mtoto. Usingezisugua, leo Nyange angekuwa kwenye ile pikapu, na mimi ningekaa hapa nikitazama rangi ya kopo, nikijua."

Mwanasha alisikia hasira ikipanda, ikafika kifuani, ikasimama. Alitazama ile sarafu iliyochubuka mkononi mwa mumewe, aliyoitoa mwenyewe bila kuambiwa. Alifikiria namna alivyosema kosa ni langu. Akatafuta neno kali la kumwambia, na maneno makali hakuyakosa maisha yake yote, lakini yote aliyoyaokota aliyaona yamechelewa. Alikuwa amechoka kununa. Alikuwa na furaha, basi, furaha mpaka inauma, na hakuweza kuificha.

Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na ndoo ya kukamulia, akamwekea miguuni.

"Haya, twende," alisema.

"Wapi?"

"Bomani. Leo unakamua wewe."

"Mimi sijui kukamua, Mwanasha. Sijakamua tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana."

Wakaenda. Mwanasha alimwonyesha pa kuchutama, akamwonyesha namna ya kushika, naye Fumo, kanzu ya Idi ameifunga kiunoni, akavuta kwa hofu kama mtu anayefungua barua ya serikali. Hakikutoka kitu. Akavuta tena. Nyange akageuza shingo, akamtazama mgeni huyu kwa muda, kisha akampiga mkia wa uso, kofia ikaangukia ndani ya ndoo. Mwanasha alicheka mpaka akaushika mti wa boma asianguke. Na alipomaliza kucheka aligundua kuwa analia, akayaacha machozi yatoke, akachutama pembeni ya mumewe na kuweka mkono wake juu ya mkono wake, wakavuta pamoja, na maziwa yakaanza kushuka.